Ofisi ya Tafsiri na Nyaraka Mjini Moshi: Jalada la Barua ya Tucker

Ofisi hii ndogo iliyo ghorofani, jirani na Mnara wa Saa, hupokea kazi ambazo steshenari za kawaida huzikataa, hasa Kijerumani cha zamani kilichopigwa chapa kwa herufi za Kigothi. Niliwapa swali moja: je, barua iliyomwaibisha Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani katika Afrika Mashariki, mwaka 1896 ilikuwa ya kughushi, na kama ndivyo, kuna dalili yoyote kwamba aliyeitunga alitaka kumtoza fedha kwa vitisho?

Sehemu bora ya jalada nililokabidhiwa ni tafsiri ya hansadi ya Bunge la Ujerumani. Tarehe 13 Machi 1896, August Bebel wa chama cha Kisoshalisti alieleza kwamba Peters, alipokuwa kamishna wa Kaisari huku Kilimanjaro, alimnyonga mtumishi wake Mabruk mwaka 1891, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga Jagodja, msichana wa Kichaga aliyekuwa amemweka kinyumba, baada ya kugundua uhusiano wa wawili hao. Bebel aliongeza kuwa Peters alimwandikia Alfred Tucker, askofu wa Kianglikana, akijitetea kwamba alikuwa amemwoa msichana huyo kwa mila za Kiafrika, hivyo alikuwa na haki ya kumwadhibu. Tucker alikana kuipokea barua hiyo. Mtafsiri amehifadhi hata kelele za wabunge zilizorekodiwa kwenye mabano, jambo ambalo wengi wangeliruka ili kupunguza kazi, na kwangu ndizo zilizonifanya nihisi uzito wa kikao kile.

Muhtasari uliotangulia jalada ndio ulionikera. Umepewa kichwa kinachotaja njama ya vitisho, ilhali hakuna ukurasa hata mmoja unaoonyesha mtu aliyemdai Peters fedha. Baya zaidi, unamwacha msomaji akidhani kwamba barua ikiwa ya uongo basi mtuhumiwa ametakasika, hoja ambayo watetezi wake waliishikilia kwa miaka mingi, hadi Hitler alipomrudishia heshima mwaka 1937 akiwa marehemu. Peters mwenyewe hakukana kuwanyonga. Alidai tu kwamba mmoja alikuwa mwizi na mwingine jasusi. Hukumu ya mahakama ya nidhamu ya mwaka 1897, iliyomfukuza katika utumishi, imo ndani ya jalada hilohilo, ila imewekwa mwishoni kama kiambatisho.

Nilipolalamika, mama anayesimamia ofisi alinijibu kwa upole, “Kaka, kichwa tulikiweka ili kivutie,” kisha akaagiza muhtasari uandikwe upya bila malipo ya ziada. Toleo la pili ni la kuaminika.

Bei, inayohesabiwa kwa ukurasa, si ndogo kwa mwanafunzi. Vilevile hawakugusa masimulizi ya wazee wa Marangu, ambako kituo cha Peters kilikuwepo na ambako daladala hufika bila taabu. Kwa ofisi iliyo Moshi, uvivu huo ni mgumu kuuelewa. Anayekwenda kuagiza kazi ya aina hii aombe matini ya Kijerumani iambatane na tafsiri, na alipe nusu tu mpaka atakapokuwa amesoma muhtasari.