Seva ya video nyumbani Kampala: mwaka wangu na kompyuta ndogo ya N100

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, lakini video zilizonisumbua kuliko zote ni za nyumbani kwangu. Za wateja nazikabidhi, nalipwa, yamekwisha. Za kwetu zilibaki kwenye diski saba ndani ya droo, hapa Old Kampala, kila diski na kipande chake cha plasta chenye maandishi. Mama alipohamia kwetu kutoka Mombasa, kitu cha kwanza alichoomba ni kuona kwanjula ya wifi yangu, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, iliyofanyika Mukono wakati yeye anaumwa na hakuweza kusafiri. Nikachomeka diski ya tatu, ya nne, ya tano. Ya tano ilikuwa nayo, ila TV ikaandika kwamba faili halitambuliki. Mama akasema, "Basi mwanangu, tutaona siku nyingine."

Nikaamua kuweka seva: mashine moja inayokaa macho usiku na mchana, ina video zote, na kila TV, simu na tableti ya nyumba inachukua kutoka hapo.

Kupandisha kila kitu kwenye hifadhi ya mbali nilishajaribu. Kamera yangu hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 45 kwa saa moja, na kwanjula haijawahi kuisha kwa saa moja. Bei ya bando mnaijua, na tangu 2021 ndani yake kuna ushuru wa asilimia 12. Isitoshe, Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wiki ya uchaguzi, video ya mteja ilikuwa huko mbali na mimi niko hapa, nimekaa mikono mitupu. Seva ya nyumbani haihitaji bando hata la shilingi mia. Ruta inatosha, hata ikiwa haina laini ndani.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa kompyuta ya ofisi iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha 4, niliyoinunua laki nne na nusu karibu na Kampala Road. Muuzaji alinipeleka kwanza kwenye mashine kubwa yenye taa za rangi. "Hajati, 4K inataka nguvu. Chukua hii, ina kadi ya gemu." Nikamuuliza inakula wati ngapi. Hakuwa na jibu, na mimi Yaka, umeme wa kulipia kabla, nainunua kwa pesa yangu, kwa hiyo nikabaki na ile ndogo.

Kwa nusu ya kazi, ile ndogo ilitosha kabisa, na hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawakuelezi. TV ikiwa inaielewa video kama ilivyo, seva haifanyi chochote zaidi ya kusoma faili kwenye diski na kulisukuma kwenye waya. Hata kompyuta ya zamani sana inaweza. Nguvu inahitajika pale tu kifaa kisipoielewa video, au njia ikiwa nyembamba, seva ikalazimika kuigeuza huku inachezwa. Mafundi wanaita transikodi. Hapo ndipo mashine zinapoachana.

Droni yangu inarekodi kwa H.265, namna ya kubana video ili faili liwe dogo. Binti yangu alifungua video moja ya droni kwenye tableti, kwa kutumia kivinjari, na ile kompyuta ikaanza kuunguruma kama jiko la mafuta. Nikatazama: koa (core, vichwa vya kazi vya prosesa) zote nne zimefika asilimia 100, picha inakwenda sekunde mbili, inasimama, inakwenda tena. Sababu ni kwamba grafiki za Intel za kizazi cha 4 haziijui H.265, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote yenyewe. H.265 ya biti 10, ambayo ndiyo ya video nyingi za HDR (zenye mwanga na rangi pana zaidi), Intel waliiweka kikamilifu ndani ya chipu kuanzia kizazi cha 7. Ukienda kutafuta mashine ya mtumba, usihangaike na "i5" au "i7" kwenye stika. Tazama tarakimu zinazofuata, zinaanza na namba ya kizazi. i3 ya kizazi cha 8 itakufaa kwa kazi hii kuliko i7 ya kizazi cha 4, na ukiipata kwa bei nzuri, chukua, huna haja ya kusoma sana mbele.

Mimi sikuipata, nikanunua kompyuta ndogo mpya yenye Intel N100, RAM gigabaiti 16 na SSD ya gigabaiti 512, kwa laki nane. Chipu hii ilitoka 2023. Ina koa nne, na Intel wameipimia wati 6 tu, lakini grafiki zake zinasoma H.264 iliyotangulia H.265, H.265 ya biti 10, na hata AV1 iliyo mpya zaidi. Kampuni iliyoifunga kwenye boksi haina uzito sana, chipu ni ileile. RAM gigabaiti 8 zingetosha.

Niliweka Linux na Jellyfin. Jellyfin ni programu ya bure kabisa ya kuendesha seva ya video, ilizaliwa 2018 kutoka Emby, programu nyingine ya aina hiyo, baada ya Emby kufunga msimbo wake (source code) usionekane na watu wote. Plex nayo ni nzuri, ila kutumia chipu kugeuza video wanataka ulipie Plex Pass. Siku mbili za kwanza nilidhani nimepoteza laki nane, kwa sababu mambo yalikuwa yaleyale, asilimia 100 na picha kusimama. Kumbe chipu haikuguswa kabisa. Kuwasha mpangilio ndani ya Jellyfin hakutoshi. Kwenye Linux, mtumiaji anayeitwa jellyfin lazima aingizwe kwenye kundi la render ndipo aruhusiwe kugusa grafiki. Amri ya mstari mmoja, nikazima nikawasha, na video ileile ya droni ikaenda kwenye tableti na kwenye simu ya mume wangu kwa wakati mmoja, prosesa imetulia. Nilikaa pale nikitazama namba tu.

Sasa nije kwenye TV ya chumba cha Mama, maana hapa nilipoteza wiki nzima.

Nilivuta waya wa Cat6 kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya TV, kwa kuamini kwamba waya ni bora kuliko waifai siku zote. Ruta ina matundu ya gigabiti, seva ina gigabiti, waya mpya. Video za kamera, zile za megabiti 100, zikawa zinasimama kila baada ya nusu dakika. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu. Nikaishuku diski. Mwisho nikaingia kwenye kurasa za ruta kutazama kila tundu limeunganishwa kwa kasi gani, nikaona TV imejisajili kwa megabiti 100. TV ya 4K, tundu lake la mtandao ni la megabiti 100, na ukitoa mizigo ya mtandao wenyewe inabaki kama 94. Video ya 100 haipiti kwenye bomba la 94, hata seva iwe ya milioni kumi. Na TV za namna hii ni nyingi sana, wala haiandikwi kwenye boksi. Niliuchomoa ule waya, nikaiunganisha TV kwa waifai ya 5 GHz, ruta ikiwa mita nne kutoka pale, na tatizo likaisha palepale. Waya wangu mzuri sasa unatumiwa kati ya ruta na seva, mahali unapostahili. Waifai ya 2.4 GHz msiijaribu kwa 4K mtaani kwetu. Nyumba zimebanana, kila mtu ana ruta, na zote zinapigania hewa moja.

Kwa wapiga video wenzangu kuna jambo la ziada. Nikirekodi kwa biti 10 na rangi za 4:2:2, zinazohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida, TV haichezi, na N100 nayo haiwezi kuisoma hiyo H.264 ya 4:2:2 ndani ya chipu. Hakuna vifaa vya bei ya nyumbani nilivyovikuta vinavyolimaliza hili vizuri. Nimeacha kupigana nalo. Kila nikimaliza kuhariri, natoa nakala moja ya familia, H.265 ya 4:2:0, megabiti 40, kama gigabaiti 18 kwa saa. Kwa macho ya Mama na ya kwangu, kwenye TV ya inchi 55, tofauti haipo. Mafaili ghafi yanabaki kwenye diski ya kazi, hayaingii kwenye seva.

Na maandishi ya chini. Hotuba za kwanjula ni za Kiganda, na raha yote iko kwa omwogezi, msemaji wa familia, namna anavyojibizana na mwenzake wa upande wa pili. Mama haelewi Kiganda. Nikakaa na mume wangu siku tatu jioni, yeye anatafsiri, mimi naandika. Mara ya kwanza nilihifadhi kwa ASS, aina ya faili la maandishi ya chini, kwa sababu inaruhusu rangi na mapambo. Programu ya kwenye TV haikuijua, kwa hiyo seva ikawa inayachoma maandishi ndani ya picha, maana yake inageuza video nzima ya 4K kwa ajili ya maneno mawili matatu. N100 inaweza, lakini ukirudisha nyuma kidogo unasubiri. Nikahifadhi upya kwa SRT, maandishi matupu, na seva ikarudi kutofanya chochote. Mama aliiona kwanjula yote, saa tatu na nusu, na ile sehemu ya omwogezi anawakataa wageni waliokuja bila barua aliitaka mara mbili.

Umeme. Nilinunua kipimo kidogo cha kuchomeka ukutani, na ninamshauri kila mtu akinunue kabla ya seva. Kompyuta ya kwanza ilikuwa inakula wati 38 ikiwa haina kazi. N100 pamoja na diski kubwa ya nje ni wati 15. Tuhesabu yuniti kwa shilingi 800: ya kwanza ni yuniti 27 na kidogo kwa mwezi, karibu shilingi 22,000. Ya pili ni yuniti 10.8, chini ya shilingi 9,000. Kwa mwaka tofauti inapita laki moja na nusu, na mashine ya taa za rangi ile ingekuwa mbali zaidi.

Umeme ukikatika ndipo nilipokosea vibaya. Nilinunua ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inayouzwa kwa ajili ya ruta, nikaona adapta ya kompyuta nayo ni volti 12, nikaunganisha. Volti zinalingana, ila adapta yangu ni ya ampea 3 na UPS ile inatoa 2. Ikawa inazimika kila mashine inapowaka. Basi ruta imebaki nayo, na seva nimeiwekea UPS ya kawaida ya VA 650. Inabeba seva na diski zaidi ya saa moja. TV imezimika, lakini watoto wanaendelea kwenye tableti. Tena UPS inaikinga na ule mshtuko umeme unaporudi, na mimi huogopa kurudi kwa umeme kuliko kukatika kwake. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, tafuta mpangilio wa kuiwasha mashine yenyewe umeme ukirudi, uuwashe. Mimi huwa Masaka au Jinja kwenye harusi, na siwezi kumwambia Mama ainame chini ya meza kutafuta kitufe.

Diski nilichukua ya inchi 3.5, terabaiti 4, yenye adapta yake, laki tano na ishirini elfu. Zile ndogo zinazokula umeme wa USB nimeziacha, nyingi hupungua kasi sana ukizijaza mafaili makubwa kwa mkupuo. Na usiache diski ya seva ikiwa exFAT, namna ya kupanga mafaili kwenye diski, kama ilivyotoka dukani. Kabla sijapata UPS, umeme ulikatika nikiwa nanakili, na folda ya Idi ya mwaka ule ikawa tupu. Mafaili niliyarudisha kutoka kwenye kadi za kamera, kwa bahati tu kwamba sikuwa nimezifuta. Sasa ni ext4, ambayo inaweka kumbukumbu ya inachoandika na kukatika kwa umeme hakuivurugi kirahisi.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi, nimeulizwa sana. Pi 5 haina sehemu ya kusimba video ndani ya chipu, kwa hiyo transikodi ya 4K usiitegemee. Kama TV zako zinacheza kila kitu moja kwa moja, itakufaa. Kwetu sisi, wenye tableti za kila aina, hapana.

Katika yote niliyonunua, kitu ambacho ningekinunua mapema zaidi ni diski ya pili. Niliipata mwezi wa sita tu. Iko Entebbe kwa kaka yangu, kabatini, haijaunganishwa na chochote. Kila mwisho wa mwezi ananiletea, nanakili yaliyoongezeka, naandika tarehe kwenye plasta, anarudi nayo.