GNU Make kwa viprogramu vya majaribio: kizee hiki bado kinapiga kazi, tabu ya kwanza ni Tab

Jamani mi nimechelewa sana kuitumia hii Make, programu inayokujengea programu yako kwa kurani komandi zinazohitajika tu. Nilikuwa naandika viprogramu vya C vya kujaribu fankshen moja moja, kila nikibadili mstari nagonga mshale wa juu weee natafuta ile komandi ndefu ya gcc (kompaila ya C), saa nyingine naokota siyo, narani programu ya jana halafu nashangaa mbona bagi haitoki.

Make ni ya 1976, kaiandika Stuart Feldman pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mi natumia ya GNU, ya bure. Kilichoniacha hoi ni kwamba ukiwa na faili moja tu hata Makefile (faili la maelekezo ya Make) huhitaji, una jaribu.c, unaandika make jaribu basi, inajikompailia yenyewe. Miaka yote hiyo sikujua!!

Faili zikiongezeka ndo unaandika Makefile, yangu fupi tu. Juu CFLAGS = -Wall -g (yaani gcc itoe maonyo na iweke taarifa za kusaka bagi), halafu t_foleni: t_foleni.o foleni.o (programu, kisha vipande inavyojengwa navyo), halafu run: $(T) na chini yake ./$(T), hiyo T ni jina la programu ninayotaka. Nikipiga make run T=t_foleni inajenga na kurani hapohapo, na ikigoma kukompaili hairani kitu, kwa hiyo ule ujinga wa programu ya jana umeisha.

Sasa kero. Mstari wa komandi lazima uanze na Tab, ukiweka speisi inakutupia "missing separator" inasimama. Feldman mwenyewe alishasema aliona tatizo mapema ila tayari alikuwa na watumiaji kama 12 hivi, wengi washkaji zake, hakutaka kuwavurugia. Watu 12! Nyota moja nakata hapo, nabaki na 4. Kingine, ukiwa na folda inaitwa test, make test inakwambia ipo tayari na haifanyi kitu, weka .PHONY: test, yaani test ni jina la kazi siyo faili, yaishe.

Ila iliyonitesa kweli ni heda, yale mafaili ya .h yanayotumiwa na faili nyingi za .c kwa pamoja. Nilibadili struct kwenye foleni.h na foleni.c, nikarani, segmentation fault (programu inakufa kwa kugusa memori isiyo yake), nikakesha na gdb, kifaa cha kusakia bagi, natafuta bagi ambayo haipo, kumbe t_foleni.o ilibaki ya zamani maana Make haijui heda usipoiambia. Dawa mstari mmoja, t_foleni.o foleni.o: foleni.h, au uiachie gcc iandike orodha ya heda kwa -MMD, na kwenye Makefile uongeze -include *.d ili Make iisome. Siku hizi siandiki Makefile mpya kabisa, nakopi hiyohiyo nabadili majina.