Meshtastic kwa wapanda milima: naipenda, lakini soma alama ya vema kwa uangalifu

Ninaongoza watu milimani, na hofu yangu kubwa ni mkia wa msafara: mtu kachoka, kabaki nyuma, simu haina mtandao. Kwa hilo, Meshtastic imenifaa kuliko redio za upepo.

Ni programu huria iliyoanza mwaka 2020, inayoendesha vifaa vidogo vya redio ya LoRa, yaani redio inayofika mbali kwa umeme kidogo. Kila mtu hubeba chake, hukiunganisha na simu kwa Bluetooth, kisha huandika ujumbe mfupi na kuwaona wenzake kwenye ramani. Ujumbe usiofika moja kwa moja hudakwa na kifaa cha katikati na kurushwa tena, mpaka mara 3 usipobadilisha mipangilio. Ndiyo maana mimi humwacha mtu mwenye kifaa juu ya kilima panapoonekana pande zote mbili za bonde. Sauti haipiti, ni maandishi tu, kama herufi 200. Sioni shida: "Nimeteguka mguu, niko kijitoni" husomeka hata upepo ukivuma.

Sasa hiyo alama ya vema, ile inayotokea kwenye simu baada ya kutuma ujumbe. Ukituma ujumbe kwenye chaneli ya kikundi, inaonyesha tu kwamba kuna kifaa kimeusikia na kuurusha. Si kwamba wote wameupata, sembuse kuusoma. Kwetu kila mtu hujibu kwa jina, na wa mwisho asipojibu tunasimama, hata mvua iwe inanyesha. Kwa ujumbe wa mtu mmoja, uthibitisho hutoka kwenye kifaa cha mlengwa mwenyewe. Humo nina imani zaidi.

Wala hakuna kikosi cha uokoaji kinachosikiliza upande wa pili. Kifaa cha dharura cha setilaiti bado nakibeba, na simruhusu mtu kukiacha kwa sababu ya hivi vifaa vya Meshtastic.

Ukinunua kwa safari ya siku kadhaa, tafuta chenye chipu ya nRF52840; kinatumia umeme kidogo sana kuliko vyenye chipu ya ESP32. Hakikisha masafa ni ya eneo lako: 868 MHz kwa nchi nyingi za Ulaya, 915 MHz Marekani. Funga antena kabla ya kuwasha, la sivyo redio inaweza kuungua. Tena badilisheni ufunguo wa siri unaokuja tayari na chaneli ya mwanzo kabla ya kuondoka: unajulikana na kila mtu, na mgeni yeyote aliye karibu ataweza kusoma jumbe zenu.