“Shingo ni shingo tu, mama”: kliniki ya mazoezi niliyokwenda baada ya kubadilishiwa diski

Operesheni yenyewe sina neno nayo. Daktari wa Chennai, kule India, alifanya kazi yake. Mkono uliokuwa ukiniwaka moto kuanzia begani hadi kwenye kidole gumba ulitulia siku ileile nilipozinduka wodini, na hadi leo haujarudia ule ubaya wake. Ninachotaka kuandika ni yaliyonikuta nikiwa nimesharudi Dar, kwenye kliniki moja ya mazoezi tiba ambayo mdogo wangu aliichagua kwa sababu iko jirani na ina maegesho. Jina silitaji. Ila kama una shingo iliyopasuliwa na unataka kwenda mahali popote pa mazoezi, soma kwanza kabla hujatoa hela yako.

Nilifika pale kidonda bado kibichi. Kwa wasiojua, diski ya shingoni, yaani ule mto ulio kati ya pingili na pingili, mara nyingi haitolewi kwa nyuma. Wanapasua mbele, kwenye mkunjo wa ngozi pembeni ya koo, wanasogeza njia ya chakula na njia ya hewa kando, ndipo wanaifikia mifupa. Kwa hiyo siku za mwanzo kinachokutesa ni koo kuliko hata shingo. Mate unayameza kwa kujipanga. Mimi ugali niliuona kwenye sahani za wenzangu tu. Chakula changu kilikuwa mtori na uji mwepesi, na vidonge nilikuwa nasagiwa kwa kijiko. Sauti nayo ilikauka ikawa nzito, shemeji yangu akapiga simu akasema, “Samahani kaka, naomba kuongea na mwenye simu.” Tulicheka, ingawa hata kucheka kulikuwa kunauma.

Halafu kuna maumivu ya katikati ya mabega ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Daktari alinieleza baadaye kwamba nafasi iliyokuwa imebonyea kati ya pingili ilikuwa imeinuliwa, kwa hiyo misuli na viungo vya nyuma vinajifunza upya kukaa. Na ganzi ya kidole gumba na cha shahada ilibaki palepale. Mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu hupona polepole, kwa miezi, na wengine ganzi haiishi yote. Hilo nililijua na nilikuwa nimelikubali. Vifungo vya gauni nilikuwa nafungiwa na binti yangu, kikombe nakishika kwa mikono miwili.

Niseme pia kwamba mimi sikuunganishwa mifupa. Kuna wanaotolewa diski, pingili mbili zikaunganishwa ziwe mfupa mmoja kwa kipande cha mfupa na bamba la chuma. Kwangu walitoa diski iliyochoka kati ya pingili ya tano na ya sita wakaweka ya bandia, yenye chuma na plastiki ngumu, inayocheza. Lengo ni shingo iendelee kugeuka, na diski za jirani zisibebeshwe mzigo wa ziada. Ndiyo maana daktari wangu hakutaka nikae na kola, ile ya kushikilia shingo, kutwa nzima. Aliniambia niivae garini tu, kwa ajili ya barabara zetu. Naye hajaona matuta ya mtaani kwetu, bajaji ikiruka moja unajihesabia pingili mwenyewe.

Yote hayo yaliandikwa kwenye barua. Karatasi moja, Kiingereza chepesi, mhuri, na sehemu ya makatazo daktari ameipigia mstari kwa kalamu: shingo isivutwe, isizungushwe kwa nguvu na mtu mwingine, mgonjwa asinyanyue vitu vizito. Pamoja nayo, kadi ya kipandikizi inayoonyesha nimewekewa kitu gani na kati ya pingili zipi.

Mapokezi palikuwa na dada mdogo kwa binti yangu. Shikamoo hakuna. Swali la kwanza, “Unalipia kikao au kifurushi?” Nikalipia kifurushi, maana ni nafuu. Akanitazama shingo, akauliza mbona sina kola kama kweli nimepasuliwa. Nikamweleza kwa sauti yangu ile ya kukwaruza. Akajibu huku anaandika, “Sasa kama ulikwenda India, si wangekumalizia hukohuko?” Nikanyamaza. Nilijiambia mtoto huyu kachoka, watu wengi, joto.

Ndani nikakutana na mzee mwenyewe. Koti jeupe, miwani imepanda kwenye paji la uso, kikombe cha chai mkononi. Nilimwamkia kwa heshima zote, kanizidi umri. Marahaba ikatoka bila kuniangalia. Nikampa barua. Akaipokea, akailaza mezani, akaweka kikombe juu yake. Haki ya Mungu. Mpaka sasa barua yangu ina duara la chai juu ya mhuri wa daktari bingwa.

“Unasumbuliwa na nini, mama?”

“Nimebadilishiwa diski ya shingo. Maelezo yote yako kwenye barua hiyo.”

“Ganzi iko wapi?”

“Kidole gumba na hiki cha shahada.”

“Umepima sukari?”

“Sina sukari.”

“Wengi wanasema hivyohivyo.”

Nikasema sawa, daktari lazima aulize. Lakini hakuuliza kingine. Hakuuliza nimepasuliwa lini, hakugusa mkono, hakunitaka hata nimbane vidole aone nguvu imebaki kiasi gani. Akainuka akanionyesha kiti cha kona, na juu ya kiti kuna ile mashine ya kuvuta shingo: mkanda wa kushika kidevu na kisogo, kamba inapita kwenye kapi, mwisho wake unaning’inia uzito. Akaniambia nikae, atanivuta dakika chache tu “ili diski irudi”.

Irudi wapi? Diski yangu ilibaki Chennai kwenye ndoo ya takataka!

Nilimwambia daktari wangu amekataza kuvutwa. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumwonyesha mtu kwamba anachosha. “Mama, shingo ni shingo tu. Nimeanza kuvuta shingo za watu wewe bado uko shule.” Na wakati anasema hivyo mkanda tayari anaupitisha chini ya kidevu, ukingo wake unakwaruza plasta ya kidonda. Nikaushika kwa mkono wangu wenye nguvu. Yeye anavuta huku, mimi navuta kule, mama mtu mzima ninang’ang’aniwa kamba kama mbuzi wa Idd. Nikataka kupiga kelele, sauti haipo! Ndiyo kwanza nikajua ubaya wa kukosa sauti. Nilipiga teke meza, kikombe kikaanguka, mdogo wangu akaja mbio kutoka mapokezi. Mdogo wangu ni mtu wa kanisani, sijawahi kumsikia akigomba. Siku hiyo nilimsikia.

Unajua mzee alisema nini? Alisema hizi diski za bandia bado ni za majaribio, kwa hiyo hata hao walioniwekea hawana uhakika. Nilipofika nyumbani nilikuwa natetemeka, na hilo ndilo lililonikaa. Majaribio? Marekani waliidhinisha diski ya bandia ya shingo kwa mara ya kwanza mwaka 2007, na mwaka 2013 wakaruhusu kubadilishwa diski mbili zinazofuatana. Mimi si daktari, nimeyajua kwa kusoma kwenye simu nikiwa nimelala chali wodini, sina la kufanya. Yeye mwenye koti ameshindwa? Na hata angekuwa hajawahi kuisikia, sina ugomvi na mtu asiyejua. Nchini hapa si wengi waliowekewa, anaweza asikutane naye hata mmoja mwaka mzima. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeletewa karatasi, ina mistari imepigwa kwa kalamu, akaifanya kisahani cha chai.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: nyota moja, nisirudi.

Nikarudi. Hela ilikuwa imeshalipwa, na meneja alipiga simu akaomba radhi kwa maneno yale ya “mzee ndiyo alivyo, mama, tumemzoea”. Akanipangia kijana. Hapa ndipo mambo yanaponichanganya, maana kijana yule ni dawa. Alinipa shikamoo, akavuta kiti akakaa usawa wangu nisimtazame juu, akaisoma barua yote, na neno moja asilolielewa akaliuliza. Halafu akaniuliza swali ambalo hata Chennai hawakuniuliza: “Mama, nyumbani kwenu maji ni ya bomba au mnachota?” Nikamwambia bomba lipo ila maji hayaji kila siku. Akauliza ndoo nabeba mkononi au kichwani. Mimi nimekulia kijijini, ndoo kichwani kwangu si jambo la kufikiria, na ile barua ya India inasema vitu vizito tu, haisemi kichwani. Akaniambia, sahau kichwa kabisa mpaka daktari wako aone picha na aseme mwenyewe, na kamba ya kuanikia nguo ishushwe iwe usawa wa kifua, usikae unatazama juu. Kamba ilishushwa jioni hiyohiyo.

Mazoezi yake ukiyatazama utasema anatania. Kutembea kila asubuhi kabla jua halijakaza. Kubana mabega nyuma na kuachia. Siku zilivyosogea, kuweka kiganja kwenye paji la uso na kusukumana nacho taratibu bila kichwa kusogea. Na lile nililolipenda, bakuli la choroko zilizochanganywa na maharage, mimi nimefumba macho, kidole gumba na cha shahada vinatafuta maharage. Mwanzoni nilikuwa naokota choroko tu na kujisifu. Wiki zikapita, siku moja nikasikia ncha ya gumba inachomachoma, kama si vizuri vile, nikamwita kwa hofu. Akafurahi yeye kuliko mimi. Sasa hivi vifungo nafunga mwenyewe, vya juu bado vinanipa kazi.

Basi niliongeza nyota zikawa nne. Kijana kama huyo anastahili hata tano.

Ila kila nikipita mlangoni namwona mzee kwenye ile kona, ana mtu kwenye mkanda. Mara bibi wa watu, mara dereva wa lori. Sijui shingo zao zina nini, na ninajua wapo ambao kuvutwa huwasaidia, wasinielewe vibaya wenye kazi yao. Lakini sijamwona hata mara moja akisoma kitu kabla ya kufunga ule mkanda. Juzi nilimkuta mama mmoja pale nje anasubiri, ana kovu mbele ya shingo kama langu, yeye aliunganishwa mifupa. Nilimwambia waziwazi: ukiitwa na mzee, kataa, sema unamtaka kijana. Dada wa mapokezi akaniambia ninaharibu biashara. Nikamjibu bado sijaanza. Nyota nne nimezifuta.

Mtu akiniuliza niende au nisiende, sina jibu zima. Ukimpata kijana, nenda. Ukipangiwa mzee, ondoka. Barua toa nakala, halisi ibaki kwenye mkoba, na hakikisha mtu anaisoma mbele yako kabla hajakugusa. Na hili halihusu kliniki kabisa lakini sitalala nisipolisema: kama ndiyo umetoka kupasuliwa na unaona shingo inavimba mbele, pumzi inabana, usingoje miadi ya mtu, kimbilia hospitali usiku huohuo.

Nilikuwa nimefikia hapa kuandika, kijana akanipigia kunijulisha kwamba mwezi ujao yuko likizo. Wagonjwa wake atawashika nani? Mzee. Nimempigia dada wa mapokezi nimtake arudishe hela ya vikao vilivyobaki. Amesema nije na risiti halisi, nakala hawapokei, na kabla ya kurudishiwa fomu inabidi isainiwe na mtaalamu mkuu. Nimemuuliza mtaalamu mkuu ni nani.

“Si yule mzee uliyemmwagia chai.”