Fremu za mapambo kwenye ukuta wa ngazi: uzoefu wangu hapa Dodoma

Kazi niliyofanyiwa kwenye ukuta wa ngazi nyumbani kwetu Ilazo naipa alama nzuri, ingawa si zote, na alama hizo zimetokana hasa na uangalifu wa fundi katika suala la pembe. Ngazi yetu inapanda moja kwa moja hadi ghorofa ya kwanza, ukuta wake ulikuwa mrefu na mtupu, nami nilitaka upambwe kwa fremu za mikanda, yaani vipande virefu vyembamba vya urembo vinavyobandikwa ukutani, kama zile zinazowekwa sebuleni, ila zipande sambamba na vidato.

Mikanda ya mbao niliikataa mapema, kwa kuwa kiangazi cha Dodoma, kinachoanza mwezi Mei na kuendelea hadi Novemba karibu bila tone la mvua, hukausha mbao zikasinyaa na viungo vikaachia. Ya jipsamu humeguka ikigongwa, na ukuta wa ngazi hugongwa kila mara godoro au kabati linapopandishwa. Nilichukua ya poliurethani, plastiki ya povu gumu, ambayo ni myepesi na hukatwa kwa msumeno wa mbao. Dukani utaonyeshwa pia ya polistaireni, iliyo nyeupe na ya bei ya chini zaidi. Hiyo hubonyea kwa kidole, na ikipakwa gundi au rangi yenye thina huyeyuka.

Fremu ya ukuta wa kawaida ina kona za nyuzi 90, hivyo kila ncha ya mkanda hukatwa kwa nyuzi 45 na mambo yamekwisha. Ngazini fremu huwa msambamba: pande mbili husimama wima na mbili hufuata mteremko. Kidato chetu kina kimo cha sentimita 17 na upana wa sentimita 27, kwa hiyo mteremko ni takriban nyuzi 32, na kila fremu inakuwa na kona mbili za nyuzi 122 na mbili za nyuzi 58. “Mama, hapa arobaini na tano haipo,” fundi aliniambia huku akiandika hesabu hiyo kwa penseli kwenye plasta. Kona pana hazikumsumbua. Zile nyembamba ndizo zilizomtoa jasho, kwa sababu kila ncha inatakiwa kuchongoka kwa nyuzi 29, yaani msumeno ugeuzwe nyuzi 61 kutoka mkato wa moja kwa moja, na msumeno wake wa umeme haugeuki kiasi hicho. Ikabidi apigilie kipande cha mbao kuwa egemeo, aulaze mkanda juu yake, ndipo ubapa wa msumeno uufikie kwa mshazari aliotaka.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakuiamini hesabu peke yake. Vidato vya zege havilingani hata vikimwagwa na fundi hodari, kwa hiyo alivuta uzi juu ya ncha za vidato kuanzia cha chini hadi cha juu, akachukua mteremko kutoka kwenye uzi huo, akaweka mistari ya wima kwa timazi, kisha akachora fremu zote ukutani na kutuita tuzitazame tukiwa chini na tukiwa juu kabla ya kukata mkanda wowote. Mume wangu aliomba fremu ya mwisho ipunguzwe upana ili isibanane na swichi ya taa, na marekebisho hayo yaligharimu ufutio tu.

Alama nilizopunguza ni za umaliziaji. Msaidizi wake alijaza nyufa za viungo kwa silikoni ya kawaida, ile ya kuzibia sinki, na rangi ya maji haishiki juu ya silikoni. Tulipopaka, kila kona ilibaki na michirizi inayong’aa. Ilibidi ikwanguliwe kwa kisu na kujazwa upya kwa akriliki, aina inayokubali rangi. Walirudia bila kudai nyongeza, lakini kona mbili karibu na dirisha bado zinaonyesha mikwaruzo.

Jambo jingine, ambalo si kosa la fundi, ni vumbi. Mkanda wenye mabonde mengi hukusanya vumbi kwenye ukingo wake wa juu, na kwa upepo wa mji huu wa miezi ya Agosti na Septemba, brashi laini haina budi kupita mara kwa mara. Leo ningechagua mkanda mwembamba zaidi wenye uso uliotulia.

Malipo tulikubaliana kwa idadi ya fremu badala ya mita, na nadhani ndiyo njia ya haki kwa ngazi, maana muda mwingi huishia kwenye kona. Korido ya juu nimewapa haohao, ila safari hii akriliki nainunua mwenyewe.