Pepino ya nyumbani: mmea napea nne kwa tano, tunda tatu

Nyi watu wa Nakuru mmeniuliza sana kuhusu hii pepino, lile tunda la ladha kati ya tikiti na tango, kama inafaa kupanda, haya nawajibu mara moja. Miche nilinunua kwa nasari moja kando ya barabara ya kwenda Njoro, mia na hamsini kila mmoja, na muuzaji alivyoisifu ungedhani anauza dawa, ati inashusha sukari, inashusha presha, inasafisha figo, yaani mpaka nikamwangalia tu. Mambo ya sukari muulize daktari, mimi nasema mche na tunda basi.

Mche kwanza, hapo sina neno. Ni jamaa ya nyanya na viazi, kwao ni kule milima ya Andes, Peru na Kolombia, kwa hivyo baridi yetu ya kawaida haiisumbui, ila nyinyi wa Molo mnaoamka mkipata barafu kwa nyasi mtaikuta imekauka. Maua ni kama ya kiazi, na hata ukiwa na mmoja tu utazaa. Mimi nimeipea samadi ya mbuzi na maji tu na kabla nusu mwaka ishe nilikuwa navuna. Shida ni matawi, ni malegevu sana na tunda likinona linalala chini linaoza, so funga na vijiti mapema na utandaze nyasi kavu. Wadudu ni wale wale wa nyanya, vidukari na wale weupe wadogo wanaoruka ukigusa majani, na pahali nyanya zako zilikauka na ugonjwa usiipande hapo kabisa.

Sasa kuonja. Hapa ndio watu wanakosana na hii kitu kwa sababu wanaivuna ikiwa kijani, na ikiwa kijani ni tango, hakuna kitu ingine. Ngoja rangi igeuke manjano hivi kama krimu, ile mistari ya zambarau ijitokeze, na ukibonyeza kidogo na kidole iitike, hapo inakuwa na harufu tamu na ladha iko kati ya tikiti na tango, maji mengi, utamu kiasi. Ukichelewa zaidi inakuwa laini na ladha inaharibika. Maganda menya, ni magumu kutafuna na yana uchungu kidogo, mbegu kula tu. Shosho alionja akasema hii ni tango imevaa nguo ya harusi, na aki siwezi mbishia sana. Ikitoka kwa friji na ndimu kidogo ni poa sana saa nane mchana, lakini ukiniwekea hapa na matunda damu, yaani tree tomato, sitafikiria mara mbili, nachukua matunda damu.

Na wale wanaowaambia mpande ekari nzima mtajirike, pole pole. Hili tunda ganda lake ni jembamba, likigongwa kidogo linapata doa jeusi, sasa fikiria gunia kwa pikapu mpaka soko la Wakulima hapo mjini halafu mama mboga aangalie hayo madoa. Mteja wa kawaida halijui na hawezi lipa bei ya embe kwa kitu hajui. Kwa boma ni sawa kabisa, kwa biashara tafuta mnunuzi kwanza ndio upande.

Nasari naitoa alama kwa kitu kimoja, walinisukumia niongeze miche na hawakuniambia pepino inapandwa na matawi. Nunua mmoja, ukishika kata tawi halina maua, toa majani ya chini, chomeka kwa udongo uliochanganywa na mchanga, weka kivulini na usiache ikauke, wiki chache imeshika mizizi. Wangu wote wa pale nyuma ya choo walitoka kwa mche mama mmoja. Na ukienda kununua, inua mfuko uangalie chini, kama mizizi imetoka nje na kujizungusha huo mche umekaa hapo sana, mwambie akupatie mwingine ama apunguze bei.