TAHADHARI: Chai ya "kushusha presha" inayouzwa ghorofani River Road, Nairobi

Nimekaa na hii hasira tangu Mama atoke wodini na leo naitoa. Kuna mwanamke anauza chai ya miti mchanganyiko, pakiti ya khaki yenye kidirisha cha plastiki na stika ya kijani. Imeandikwa inashusha presha, inamaliza sukari, inasafisha figo na kuondoa kitambi. Yuko mjini, yuko Facebook, yuko TikTok, na saa hii pengine yuko kwenye simu ya mamako. Mkimwona kimbieni. Au afadhali mmshike mniite.

Na kabla hamjaanza zile zenu za "lakini wewe si umesoma", ngojeni niwaeleze, kwa sababu hata ninyi mngelipa.

Mnajua Mama na vidonge vyake vya presha hawapatani. Mtu wa chama chetu, simtaji na anajijua, ndiye alinitumia namba. Tukaenda Jumamosi, jua la saa saba, tukashukia barabara ya Tom Mboya na kutembea. Lifti ya jengo ina kibao cha "imeharibika" na kibao chenyewe kimechakaa, kwa hivyo ngazi hadi ghorofa ya nne. Mama anapanda akishika ukuta, ananiambia, "Wewe, hii dawa itaniua kabla sijainunua."

Tulipofika hata hajavuta pumzi, yule mwanamke akamdaka mkono. Koti jeupe, stetoskopu shingoni, ametabasamu utafikiri ni binti yake. "Karibu shosho, keti hapa." Mashine ya presha ikafungwa juu ya sweta, na maswali yakaanza: shosho umetoka wapi, una watoto wangapi, hizo dawa za hospitali umemeza miaka mingapi na zimekuponya? Mama anajibu huku anahema. Namba zikatokea: 182 juu, 104 chini. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Hakusema kitu kwanza. Alitikisa kichwa tu, kisha, "Binti, umemleta kwa wakati."

Hapo mimi nilikuwa nimeshaisha.

Akamimina chai kutoka kwa thamosi, kwenye kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu kama vile vya ushago. Chumba chote kikanukia mchaichai na karafuu. Akamwambia Mama avue viatu, aegemee kiti, asiongee "ndipo miti ifanye kazi". Akapunguza redio. Nusu saa hivi ikapita. Akakunja mkono wa sweta, polepole, akapima tena: 148 kwa 88. Wamama wawili waliokuwa kwenye benchi wakasema Mungu ni mwema. (Sasa naamini hao wamama ni wafanyakazi wake, lakini wacha hiyo.) Namba nimeziona kwa macho yangu, kwa mashine ileile, mkono uleule. Ungefanya nini?

Pakiti moja ni 3,500, dozi ni pakiti tatu, lakini kwa sababu ya shosho akatuachia kwa 9,000. "Till ya biashara imegoma leo, tuma kwa hii namba." Jina lililotokea kwa M-Pesa ni la mwanamume. "Ni bwanangu huyo." Nikaweka PIN.

Mama akaanza kuharisha. Nikampigia yule mwanamke, akacheka: "Hiyo ni sumu inatoka, mwongezee kikombe cha jioni." Mama naye akafurahi, sketi zilikuwa zinamlegea. Kisha miguu ikaanza kukakamaa usiku, moyo unarukaruka, na asubuhi moja akashindwa kuinuka kwenye kiti cha jikoni. Yaliyofuata mnayajua, mlikuja kumwona. Ambacho sikuwaambia pale kitandani, kwa aibu, ni kilichomlaza.

Daktari aliona potasiamu imeshuka vibaya, akauliza Mama anakunywa nini zaidi ya dawa zake. Nikaleta pakiti. Mfamasia wa wodi akaimwaga kwenye gazeti, akawa anatenganisha kwa ncha ya kalamu. Haya mekundu ni maua ya rozela. Huu mchaichai. Karafuu. Halafu akasukuma kando viganda bapa, vyembamba kama karatasi, kijani kinachoelekea kahawia, ukivishika dhidi ya mwanga unaona alama za mbegu. Sanamaki. Nyingi. Kwenye stika haijaandikwa popote.

Sanamaki ni dawa kweli, ya kufungua choo, na hutumiwa siku chache tu. Mama alikuwa anainywa asubuhi na jioni, juu ya kidonge chake cha presha cha kukojoza. Kidonge hicho kinatoa potasiamu kwa mkojo, sanamaki inaitoa kwa kuharisha, na moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Hiyo ndiyo "sumu" iliyokuwa inatoka! Na kitambi kilichopungua kilikuwa maji. Mfamasia akasema tushukuru hii imeonekana kwa macho, maana kuna chai za kupunguza mwili zimewahi kupatikana na sibutramini iliyosagwa humo, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya moyo.

Nikamuuliza, na ile presha iliyoshuka mbele yangu? Akaniuliza mnapanda ngazi ngapi. Presha inapimwa mtu ametulia angalau dakika 5, ameegemea, haongei, mkono uko wazi. Mara ya kwanza alipima mzee aliyetoka kupanda ghorofa nne, anahema, anajibu maswali, na sweta juu. Mara ya pili akapima mtu aliyepumzika. Hata kwenye kile kikombe angetia maji ya bomba, namba zingeshuka. Sijui kama ile lifti imewahi kuharibika.

Sipingi chai ya miti. Tangawizi nitakunywa hadi nizeeke, na rozela imefanyiwa utafiti, hushusha presha kidogo kweli, ndiyo maana ukiwa kwenye vidonge unamwambia daktari unaichanganya. Ninayempinga ni huyu mkora wa koti jeupe.

Nilirudi. Chumba sasa kinauza wigi. Soja wa chini hakuningoja nimalize: "Hata wewe ni wa chai?" Simu amenibloki.

Dalili za chai kama hii? Stika haitaji miti yote. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipo lakini chini yake hakuna namba, na yenye namba unaihakiki kwa SMS 20023. Dawa ya miti inayodai kutibu ugonjwa inafaa iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, hii haina chochote. Pesa kwa namba ya mtu. Na alimwambia Mama aache vidonge, ingawa Mama hakuviacha; hapo ningemtoka mbio.

Lakini mimi nataka afungwe. Faini atalipa kwa pakiti kumi, haimtoshi. Kabla ya karandinga apewe dozi yake kamili, pakiti tatu, asubuhi na jioni, na asionyeshwe choo kiko wapi. Halafu apandishwe ghorofa nne apimwe presha.

Risiti ya M-Pesa ninayo, pakiti moja sijaifungua. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kituo cha Central Police kuandikisha OB (daftari la matukio la polisi), kisha napeleka sampuli kwa Bodi. Ukiwa umenunua usitupe, hata kama imebaki nusu, njoo nayo. Najua humu mko kadhaa mnasoma kimyakimya. Inboksi yangu iko wazi na majina siyatoi.